Dari hushikwa na nini? Historia ya kamba, msumari na ndoano katika Bonde la Ruzizi

LUVUNGI, teritwari ya Uvira – Familia iliyokimbia Bonde la Ruzizi inaporudi nyumbani, jambo la kwanza ni kutazama juu. Manjanja yapo? Yakiwapo, mvua ya kwanza itasema kama bado yameshikwa sawasawa. Yasipokuwapo, hesabu inaanza: manjanja mangapi, mbao ngapi, siku ngapi za fundi. Vitu vidogo huandikwa mwisho wa karatasi: misumari, waya, visi, kamba. Mara nyingi fedha huisha kabla ya kufika kwenye mstari huo.

Lakini historia ya ujenzi, ya hapa bondeni na ya miji mikubwa ya mbali, inaonyesha kwamba mstari huo wa mwisho ndio unaoamua kama kilicho juu ya kichwa kitabaki juu. Hii ni historia ya vitu hivyo vidogo, na hasa vile vinavyoshika dari, ambayo watu wengi wa Kivu huiita plafo.

Kwa nini dari

Luvungi iko kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Kamanyola na Sange. Upande mmoja kuna mto Ruzizi na ng'ambo yake ni Burundi. Upande wa pili kuna milima inayopanda kuelekea Lemera. Bondeni ni kwenye joto kuliko Bukavu, na nyumba ya manjanja isiyo na dari huliona joto hilo lote. Saa nane mchana chuma huwaka na joto hushuka moja kwa moja juu ya waliolala au waliokaa chini yake. Mvua kubwa ikinyesha, mwalimu hulazimika kunyamaza, maana mwanafunzi wa dawati la nyuma hasikii tena neno.

Dari hutengeneza chumba cha hewa kati ya manjanja na watu. Hewa hiyo hupunguza joto, hupunguza kelele, na huzuia vumbi, popo na panya. Kwa sababu hiyo kituo cha afya au darasa likipata fedha kidogo, watu huuliza mapema kama litawekwa plafo. Swali la pili, yaani plafo hiyo itashikwa na nini, huulizwa na wachache.

Wakati wa kamba

Nyumba za zamani za bonde na za milima ya karibu zilijengwa kwa miti, udongo na majani, na hazikuwa na msumari hata mmoja. Kila mti uliokutana na mti mwingine ulifungwa. Kamba ilitoka kwenye mgomba: maganda makavu ya shina huchanwa, hulowekwa ili yalainike, kisha huzungushwa na kukazwa. Kando ya mto kulikuwa na matete na mafunjo, na humo zilipatikana fito nyembamba na mikeka ya kutandika au kuning'iniza juu.

Kamba ina tabia moja nzuri. Hulegea kidogo bila kukatika. Upepo ukisukuma nyumba, au ardhi ikitikisika, fundo hujivuta, miti huchezacheza, na nyumba hurudi mahali pake. Tabia yake mbaya inajulikana pia: huoza kwa maji na huliwa na mchwa. Dawa ya wazee ilikuwa moshi. Jiko lilikuwa ndani, moto uliwaka kila siku, na masizi yalipaka majani, fito na mafundo yote. Wadudu hawakupenda masizi hayo. Jiko lilipohamishwa nje kwa ajili ya afya ya macho na mapafu, jambo ambalo lilikuwa jema, kamba ilipoteza mlinzi wake. Tangu hapo nyumba ya kamba ilihitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Pwani ya Uswahilini walitumia neno hilohilo, dari, kwa kitu kingine kabisa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Watu hutembea juu yake, kwa kuwa dari ya chini ni sakafu ya juu. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kwa kawaida chini kidogo ya mita 3, ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba. Hapo hapakuwa na kifungio. Ncha za boriti zilizikwa ukutani, na ukuta ndio ulioshika kila kitu. Ukuta ukichoka, dari hufuata.

Je, kamba ni ya maskini na ya kizamani tu? Mji wa London ulipata jibu tarehe 19 Desemba 2013. Siku hiyo sehemu ya dari ya plasta ya ukumbi wa maonyesho wa Apollo, uliofunguliwa mwaka 1901, iliwaangukia watazamaji katikati ya onyesho, na makumi ya watu waliumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba dari ile nzito na ya mapambo ilikuwa imefungwa kwenye mbao kwa vipande vya kitambaa cha gunia vilivyochovywa katika plasta. Kwa zaidi ya miaka 100 nyuzi zile zilikuwa zikichakaa taratibu, juu, mahali ambapo watu walioketi chini hawapaoni. Fundo la nyuzi lilioza London kama linavyooza Luvungi. Tofauti ni kwamba mzee wa Luvungi alijua kamba yake ina umri, akaikagua.

Wakati wa msumari

Chuma cha kufungia hakikuja bondeni kama kitu cha nyumba. Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipozunguka kaskazini mwa Ziwa Tanganyika na kuona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki, misafara ya biashara ilikuwa tayari inabeba waya za shaba pamoja na nguo na shanga. Waya ulihesabiwa kama fedha. Ulivaliwa mkononi na mguuni. Kuufungia paa kungekuwa sawa na kuziba tundu la ukuta kwa noti.

Msumari ulikuja baadaye pamoja na mbao za kupasuliwa kwa msumeno, matofali ya kuchoma na manjanja, katika wakati wa wamisionari na utawala wa Wabelgiji. Nyumba za utawala, makanisa, shule na zahanati zilipata dari ya aina mpya. Seremala alipigilia mbao nyembamba chini ya kenchi za paa, kisha chini ya mbao hizo akapigilia mikeka ya matete, au mbao zilizorandwa, na baadaye tripuleksi. Katika milima iliyo juu ya bonde, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walijenga hospitali ya Lemera, ambayo watu wa Luvungi walipanda kwenda kutibiwa, na ambako daktari Denis Mukwege alifanya kazi kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu.

Msumari ulileta haraka. Fundi mmoja mwenye nyundo alifanya kwa siku moja kazi ambayo kamba ilidai siku kadhaa. Lakini msumari una udhaifu ambao kamba haina, na udhaifu huo unahusu dari moja kwa moja.

Msumari una nguvu nyingi ukisukumwa kwa ubavu. Mbao mbili zilizopigiliwa pamoja zikivutana kushoto na kulia, chuma chenyewe lazima kipinde ndipo ziachane. Msumari ukivutwa kwa urefu wake, jinsi ulivyoingia, unashikwa na kitu kimoja tu: mbano wa nyuzi za ubao unaouzunguka. Na dari iliyopigiliwa kutoka chini huvuta msumari hivyo hivyo, usiku na mchana, kuelekea sakafuni.

Mbano huo hupungua. Ubao mbichi, uliotoka kupasuliwa jana, hushika msumari vizuri siku ya kwanza. Ukikauka husinyaa, na tundu hulegea. Mchwa wakiingia, tundu hubaki bila kuta. Maji yakivuja, msumari hupata kutu na ubao huvimba na kusinyaa kila msimu. Kwa hiyo mafundi makini walitumia mbinu tatu. Ya kwanza ni kutumia ubao mkavu. Ya pili ni kupitisha msumari hadi upande wa pili na kukunja ncha yake, ili usiweze kurudi ulikotoka. Ya tatu ni kutumia visi mahali pa uzito, kwa sababu meno ya visi hushika nyuzi za ubao badala ya kutegemea mbano peke yake. Mbinu hizi hazina gharama kubwa. Zinahitaji fundi asiyekimbizwa.

Vita na tundu la pili

Vita vilileta swali ambalo mafundi wa misheni hawakulifikiria: je, kinachofungwa kinaweza kufunguliwa?

Bonde la Ruzizi ni njia. Kila jeshi linaloshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira, au kupanda kutoka Uvira kwenda Bukavu, hupita barabara hii. Waasi wa mwaka 1964 walipita. Vita vya Oktoba 1996 vilianzia sehemu hizi. Tarehe 6 mwezi huo hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa humo, na mali yake ikaporwa. Mwaka 1998 vita vilianza upya. Februari 2025 mapigano yalifika Kamanyola, na Desemba 2025 yalishuka Luvungi na Sange hadi Uvira. Kila mara familia zilikimbilia milimani, mashambani, ng'ambo ya mto au kandokando ya ziwa.

Nyumba iliyoachwa huvuliwa kuanzia juu. Manjanja hung'olewa kwa sababu yanauzika. Milango na madirisha hufuata. Dari ya tripuleksi iliyopigiliwa kwa misumari mingi haing'oki nzima. Huchanika, na aliyeichana hupata kuni tu. Mwenye nyumba hupata hasara yote na mwizi hapati faida.

Ndiyo maana katika bonde hili manjanja ya zamani yanaweza kusomwa kama kitabu. Bati lenye safu moja ya matundu halijahama. Lenye safu mbili limewahi kung'olewa na kupigiliwa kwenye nyumba nyingine, ambayo mbao zake hazikulingana na za kwanza. Kila tundu la zamani ni njia ya maji, na maji hayo hushukia dari. Watu huziba kwa gudroni, kwa kipande cha plastiki, au kwa raba iliyokatwa kwenye kandambili iliyoisha. Raba hiyo huwekwa pia chini ya kichwa cha msumari mpya ili kuzuia maji. Ni kifungio halali, na kazi yake ni ileile ya raba zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Kambini kamba inarudi

Kwa aliyekimbia, paa na dari huwa kitu kimoja: shitingi. Bonde la Ruzizi lilizijua shitingi mapema, kuanzia 1993 na 1994, wakimbizi wa Burundi na wa Rwanda walipojaa kambini kando ya barabara hii. Miaka thelathini baadaye mambo yaligeuka. Februari 2025 watu wa bonde walivuka Ruzizi na kuingia Burundi, na wengi walilala kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke.

Shitingi inayotolewa na mashirika ya misaada mara nyingi ina urefu wa mita 5 au 6 na upana wa mita 4, na pembeni ina mikanda imara yenye matundu ya kupitishia kamba. Matundu hayo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Shitingi iliyofungwa kwenye matundu yake hudumu. Iliyotobolewa katikati kwa msumari huanza kuchanika siku ya upepo wa kwanza, kwa sababu nguvu yote ya upepo hukusanyika kwenye tundu moja dogo.

Wakimbizi wa nchi nyingi wamegundua majibu mawili yaleyale. La kwanza ni kizibo cha soda. Msumari hupitishwa katikati ya kizibo kabla ya kupigiliwa, na kizibo husambaza mvutano kwenye eneo pana kuliko kichwa cha msumari. La pili ni jiwe dogo la mviringo. Huwekwa ndani ya shitingi, plastiki hukunjwa kulizunguka, kisha kamba hufungwa shingoni mwa uvimbe huo. Kamba haipiti kwenye tundu lolote, kwa hiyo hakuna mahali pa kuanzia kuchanika. Na pakifika siku ya kuondoka, fundo hufunguliwa, jiwe huanguka, na shitingi huondoka nzima.

Wakati wa ndoano

Dari inayoning'inia, ile ya miraba inayoonekana katika ofisi za Bukavu, Bujumbura na Kigali, ina historia yake. Mwaka 1919 Mmarekani Eric E. Hall aliomba hataza, yaani cheti cha kulinda uvumbuzi, ya dari iliyoning'inizwa chini ya dari halisi. Alikipata mwaka 1923. Katika dari za namna hiyo za mwanzo vigae vilishikana kimoja kwa kingine. Bomba likivuja juu, fundi hakuweza kufungua kigae cha katikati. Alianza pembeni, au kwenye kigae maalumu kilichoachwa kama ufunguo, akavua kimoja baada ya kingine hadi afike penye tatizo.

Mmarekani mwingine, Donald A. Brown wa jimbo la Ohio, aliomba hataza mwaka 1958 na kuipata mwaka 1961. Katika dari yake vigae havishikani. Kila kimoja hulala juu ya vyuma vyembamba vyenye umbo la herufi T iliyogeuzwa, na huinuliwa kwa mkono na kurudishwa. Uvumbuzi ulikuwa katika kuachanisha kazi mbili: kigae kifunike, chuma kishike.

Mfumo huo una vifungio vinne tu. Cha kwanza ni waya unaoshuka kutoka kwenye paa au zege. Cha pili ni tundu katika chuma kikuu, ambamo waya huo hupitishwa na kuzungushwa. Cha tatu ni ulimi mdogo wa chuma ulio kwenye ncha ya kila chuma cha kukingama. Huchomekwa katika tundu la chuma kikuu hadi usikike mlio mdogo, dalili kwamba umejifunga. Cha nne ni kornieri, chuma chenye umbo la L kilichopigiliwa ukutani, ambapo ncha za vyuma hupumzika. Mambo mengine yote ni kufunika.

Kanuni za kazi hii zilizokubaliwa Marekani ni rahisi kukumbuka. Waya uwe na unene wa karibu milimita 2.7. Kusiwe na zaidi ya mita 1.2 kati ya waya na waya. Kila waya uzungushwe juu yake wenyewe mara 3 kamili, mizunguko ikiwa imekazwa pamoja.

Hesabu ya darasa la mita 8 kwa 6 inaonyesha sababu. Darasa hilo lina mita za mraba 48. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 vitahitajika zaidi ya 130. Kigae kimoja cha kawaida kina uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo juu ya vichwa vya wanafunzi kutakuwa na karibu kilo 200, mbali na vyuma. Waya zikipangwa kila mita 1.2, kila waya utabeba kilo 7 hivi, na mtoto anaweza kuzibeba. Fundi akipunguza nusu ya waya ili abakize fedha, kila waya utabeba kilo 14. Mmoja ukikatika, jirani zake watagawana mzigo wake kwa ghafla, na hivyo ndivyo dari nzima inavyoanguka wakati kifungio kimoja tu ndicho kilichokuwa kibovu.

Ardhi inapotikisika

Kivu iko juu ya ufa mkubwa wa ardhi, na hakuna fundi wa hapa anayeweza kusahau jambo hilo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba huko Kalemie. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la karibu 6 lilipiga kaskazini mwa Bukavu. Watu waliuawa Bukavu, na wengi zaidi ng'ambo, nchini Rwanda, ambako makanisa yaliangukia waumini wakiwa katika ibada. Agosti 2015 tetemeko jingine lilitikisa Bukavu usiku.

Ardhi ikitikisika, dari inayoning'inia hubembea kama bembea. Ikigonga ukuta upande mmoja, vyuma hupinda, ndimi hutoka kwenye matundu, na vigae hushuka. Ndiyo maana katika nchi za matetemeko dari hufungwa pande mbili zinazokutana, na pande mbili nyingine huachiwa nafasi ya karibu sentimita 2 ili icheze bila kugonga. Katika vyumba vikubwa huongezwa waya za mshazari, nne nne, ili zizuie kubembea. Kwa maneno mengine, chuma kimefundishwa kulegea kidogo kama kamba ya mgomba.

Japani, nchi iliyozoea matetemeko, ililipa pia. Tarehe 11 Machi 2011 dari ya ukumbi wa Kudan Kaikan mjini Tokyo ilianguka wakati wa tetemeko kubwa, na watu 2 walikufa ndani. Lakini si lazima ardhi itikisike. Tarehe 10 Julai 2006 kipande kizito cha dari kilianguka katika njia ya chini ya ardhi mjini Boston, Marekani, na kumuua abiria wa gari. Vyuma vyake vilikuwa vimeshikwa kwenye zege kwa gundi, na gundi hiyo ilikuwa ikinyooka kidogo kidogo chini ya uzito usiopumzika. Tarehe 2 Desemba 2012 ikawa zamu ya njia ya Sasago, Japani: mabamba ya zege ya dari yalianguka na kuua watu 9. Huko nako boliti zilizogundishwa ziliachia.

Matukio hayo yana jambo moja la kufanana. Mabamba hayakuvunjika kwanza, wala zege ya juu haikuvunjika kwanza. Kilichoachia ni kitu kilichokuwa katikati, ambacho pengine ndicho kilichokuwa cha bei ndogo kuliko vyote.

Nini kinafuata kwa Luvungi

Wanaojenga upya bondeni leo wamerithi nyakati zote tatu kwa pamoja. Katika uwanja mmoja unaweza kukuta jiko lililofungwa kwa kamba ya mgomba, nyumba iliyopigiliwa misumari, na ofisi yenye dari ya miraba. Hakuna kifungio kilicho kibaya chenyewe. Kamba inataka kukaguliwa. Msumari unataka ubao mkavu na ncha iliyokunjwa. Ndoano na waya vinataka kuhesabiwa.

Kamati ya wazazi au ya kituo cha afya inayopewa dari mpya haihitaji kuwa na injinia ili kulinda watoto na wagonjwa. Inahitaji kupanda ngazi kabla vigae havijawekwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna kitakachoonekana. Itazame kwanza waya zimefungwa wapi. Zikiwa zimefungwa kwenye manjanja, kwenye bomba la umeme au kwenye mbao za dari ya zamani, kazi irudiwe. Mahali pake ni kwenye mbao za paa zenyewe, na bora waya uzunguke ubao mzima kuliko kuning'inia kwenye msumari mmoja. Ihesabu pili mizunguko ya kila waya. Itazame tatu kama taa na feni zina waya zake zenyewe hadi kwenye paa, maana kigae hakikutengenezwa kubeba kitu kingine.

Na kuna jaribio ambalo kila kijiji kina kifaa chake. Bidoni ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na kidogo, karibu mara tatu ya mzigo wa waya mmoja. Inafungwa kwenye waya, inaachwa ining'inie juu kidogo ya sakafu, na kila mtu anasimama mbali. Waya ukinyooka au fundo likiteleza, afadhali ijulikane siku hiyo, darasa likiwa tupu.

Vifaa hivi vidogo ni sehemu ndogo ya gharama ya paa lote. Anayeandika orodha ya vifaa vya nyumba mpya, awe mwenye nyumba, mkuu wa shule au shirika la misaada, aandike waya, visi na misumari mistari ya juu, kabla ya manjanja. Fedha zikipungua, ni afadhali zipunguke kwenye ukubwa wa chumba.